Kufuata Hukumu Hadi Mau

Nimekulia kwenye maji ya Mto Mara. Kwetu ni jirani na daraja la Kirumi, upande wa Tanzania, pale mto unapotulia na kutandaa kwenye mafunjo kabla haujaingia Ziwa Victoria. Kila mto uliposhuka mwekundu, bibi yangu mzaa mama alisimama ukingoni, mkono kiunoni, akasema, "Huko juu kuna mtu anakata." Hakuwahi kufika huko juu, na sisi wajukuu hatukuwahi kuuliza ni wapi. Tulichota, tukayaacha maji yatuame ndoo usiku kucha, asubuhi tukanywa.

Jina la huko juu nilikuja kulisikia ukubwani, tena mahakamani. Tarehe 26 Mei 2017 niliketi viti vya nyuma mjini Arusha, wakati Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikisoma hukumu ya Waogiek wa Msitu wa Mau dhidi ya serikali ya Kenya. Mahakama wakati huo ilikuwa Barabara ya Dodoma, ndani ya majengo ya shirika la hifadhi za taifa, na jambo hilo sijalisahau, kwa sababu kesi yenyewe ilihusu watu walioambiwa watoke msituni ili msitu uhifadhiwe. Mbele yangu waliketi wazee waliosafiri usiku kutoka Kenya. Hukumu ilisomwa kwa Kiingereza cha wanasheria. Mmoja wao alikuwa amemwinamia kijana aliyemtafsiria sikioni, na kila kifungu kilipotajwa kuwa kimevunjwa, yule mzee alikunja kidole. Alikunja saba.

Kesi ilikuwa imeanza na karatasi moja. Oktoba 2009 idara ya misitu ya Kenya iliwapa Waogiek na wengine waliokuwa Mau siku 30 waondoke. Mwezi uliofuata malalamiko yakafikishwa kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tume ikaiandikia serikali, haikuridhika na majibu, na mwaka 2012 ikalipeleka shauri Arusha. Kabla ya hapo Mahakama hiyo haikuwa imewahi kuamua kesi ya jamii ya wenyeji wa asili. Ilisema ardhi ni yao, dini yao inayokaa msituni imeingiliwa, utamaduni wao na mali yao ya asili vimeingiliwa, tena wamebaguliwa kwa kunyimwa utambulisho ambao makabila mengine yamepewa. Ikaongeza jambo ambalo kwangu mimi, mtoto wa Mara, lilikuwa zito kuliko yote: Waogiek hawawezi kubebeshwa lawama ya kuharibika kwa Msitu wa Mau.

Tarehe 23 Juni 2022 ikaja hukumu ya fidia. Serikali ilipe shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa machungu ya moyo. Ipime ardhi ya Waogiek na kuwapa hati ya pamoja ndani ya miaka miwili. Nilipiga hesabu kwenye kijitabu changu. Sensa ya 2019 ilihesabu Waogiek zaidi ya 52,000. Ukigawanya, kila mmoja anapata kama shilingi 3,000, nauli ya kwenda na kurudi Nairobi na chakula cha siku. Fedha zilielekezwa kwenye mfuko wa maendeleo wa jamii nzima, kwa hiyo hesabu yangu haikuwa ya haki. Lakini ilinionyesha kwamba uzito wote wa hukumu ulikuwa kwenye ardhi.

Februari 2024, ikiwa imebaki miezi minne muda huo uishe, nilifunga mkoba nikaenda kutazama hukumu imefika wapi.

Kutoka Arusha hadi Narok ni safari ya siku moja. Alfajiri Namanga, ambako siku hizi unagongewa mihuri ya nchi zote mbili ndani ya jengo moja. Mchana Nairobi. Baada ya hapo matatu inateremka ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Mai Mahiu, masikio yanaziba, na jioni unakunywa chai ya maziwa Narok, mji wa mafundi wa matairi, magunia ya ngano na mashuka mekundu.

Hapo Narok sikuwa na ubavu wa kujifanya ninatoka mahali palipotulia. Juni ile ile ya 2022, siku chache kabla ya hukumu ya fidia, alama za mpaka zilikuwa zikisimikwa kwenye kilomita za mraba 1,500 za malisho ya Loliondo. Risasi na mabomu ya machozi vikalia, na Wamaasai kutoka Tanzania wakavuka na watoto na majeraha kuingia Kaunti hii hii ya Narok. Mwenye nyumba ya kulala wageni aliniambia aliwapokea jamaa zake wawili. Aliniuliza kwa nini wale watu hawakwenda tu kwenye mahakama yetu ya Arusha kama walivyofanya Waogiek. Nilimweleza kwamba mwaka 2019 serikali yetu iliondoa tamko lililomruhusu mwananchi wa kawaida kuipeleka pale moja kwa moja. Akanitazama. "Kwa hivyo mahakama iko kwenu, na nyinyi hamwezi kuingia?" Nikasema ndiyo, ni hivyo.

Sasimwani iko juu ya Narok, unapanda kwa bodaboda huku hewa ikipungua joto kila kona. Mwanzoni mwa Novemba 2023 askari wa misitu na wenzao waliingia huko wakabomoa na kuchoma nyumba. Mamia ya watu walifurushwa, wengi wao Waogiek, mwaka mmoja na miezi michache baada ya Mahakama kuamuru wapewe hati. Sababu iliyotolewa ilikuwa ile ile ya 2009: kuokoa msitu.

Nilikuta vishina vya nguzo vilivyoungua, vipande vya bati lililokunjamana, na sufuria moja imetobolewa kitako, nyasi zimeota ndani yake. Mama aliyenipeleka pale alikuwa akiishi kwa shemeji yake, chini kidogo ya mstari wa miti. Alitembea juu ya mabaki kama mtu anayetembea ndani ya nyumba yake, maana alikuwa anapita mlangoni na kuzunguka kilipokuwa kitanda.

"Walikuja asubuhi," alisema. "Ilikuwa wiki ya mtihani wa darasa la nane. Mtoto wangu alikuwa shule. Akarudi akakuta nimekaa kwa mvua na godoro."

Nilimuuliza kama walionyeshwa karatasi yoyote.

"Karatasi ni sisi tulikuwa nayo. Ile ya Arusha. Kijana wetu mmoja aliwasomea kwa simu. Mkubwa wao akamwambia, hiyo ni ya Arusha, hapa ni Narok."

Mvua za Novemba ile zilikuwa kubwa kupita kiasi, Afrika Mashariki nzima inazikumbuka. Alisema walilala siku tisa chini ya turubai. Mtoto alimaliza mtihani. Hakutaka kuniambia alipata alama ngapi, akasema tu kwamba amerudi kuchunga ng'ombe za watu.

Sina sababu ya kuudharau msitu. Mau ndio msitu wa milimani mkubwa kuliko yote uliobaki Kenya, takriban hekta 400,000 kwenye ramani. Kutoka humo inatoka Mara, na Sondu, na Ewaso Ng'iro ya kusini inayokwenda Ziwa Natron, na Njoro inayoingia Ziwa Nakuru. Serengeti yetu ikikauka Agosti, nyumbu wanafuata maji yaliyoanzia huku. Kwa hiyo mtu akiniambia msitu uokolewe, mimi ni wa kwanza kuitikia. Lakini niliyekuja naye moyoni ni bibi yangu, na swali lake lilikuwa: nani anakata?

Jibu liko kwenye kumbukumbu za serikali yenyewe. Jopo la Mau la mwaka 2009 lilikuta kwamba karibu robo ya msitu, hekta zaidi ya 107,000, ilikuwa imepotea ndani ya miaka 15 hivi. Mwaka 2001 peke yake serikali ilitangaza kumega zaidi ya hekta 67,000 za misitu ya Kenya, na zaidi ya nusu ya hizo zilikuwa Mau Mashariki. Ardhi iligawiwa kwa jina la kuwapa makazi Waogiek na wasio na ardhi. Sehemu kubwa ikaishia kwa wenye vyeo, na kwa wakulima walioletwa kutoka kwingine, wenye karatasi mkononi na panga begani. Kabla yao walipita wapasua mbao. Kabla ya wapasua mbao walipita Waingereza, ambao tume yao ya ardhi ya miaka ya 1932 hadi 1934 ilipendekeza Waogiek watolewe msituni na kumezwa na makabila jirani, kwa sababu hawakuwa na chifu wala ng'ombe wa kuhesabika.

Hata jina waliwapa la kuazima. Katika vitabu vya wakoloni na midomoni mwa majirani waliitwa Wadorobo, kutoka neno la Kimaasai la watu maskini, wasio na mifugo. Kwetu Tanzania ndorobo ni mbung'o. Nililisema neno hilo siku ya pili nikidhani ninaonyesha ujuzi wa historia, na kijana wa bodaboda akapunguza mwendo, akageuza shingo. "Sisi ni Ogiek," alisema. Wenyewe hulifasiri hilo kuwa watunzaji wa mimea na wanyama. Hatukuzungumza tena hadi tulipofika barabara kuu.

Kutoka Narok nilipanda gari la kuchangia kwenda Mau Narok na Njoro. Mau Narok imelala juu karibu na mita 2,900, na ni mashamba matupu mpaka macho yanapokoma: ngano, shayiri, viazi, na hapa na pale mti mmoja mrefu uliosazwa, unaokuambia kwamba kulikuwa na msitu. Pembeni yangu aliketi bibi mmoja wa Kikikuyu na magunia yake mawili ya viazi. Aliponiuliza ninakwenda kufanya nini, nilimwambia ukweli. Akanyamaza kilomita kadhaa. Kisha akaanza kuhesabu, bila mimi kumwomba.

Nyumba yake ya kwanza ilichomwa mwaka 1992 upande wa Molo. Walirudi, wakajenga. Mwaka 1997 walilala kanisani wiki mbili. Januari 2008, baada ya uchaguzi, iliungua tena, na safari hiyo mumewe hakupona. Machafuko hayo ya 2007 na 2008 yaliua watu zaidi ya 1,100 nchini Kenya na kuwang'oa makwao wapatao 600,000, sehemu kubwa katika Bonde la Ufa. Shamba analolima sasa lilinunuliwa na mwanawe kutoka kwa mtu aliyekuwa na hati, kumbe hati ya mtu huyo ilitoka kwenye ardhi ya msitu.

"Hao Ogiek nawaonea huruma," alisema. "Lakini wakipewa hati, mimi naenda wapi? Niende wapi tena, baba?"

Nimeandika mengi kuhusu ardhi, na mara nyingi nimeandika kana kwamba kuna mwenyeji upande mmoja na mvamizi upande wa pili. Yule bibi na viazi vyake amenivunjia hilo. Alifukuzwa akafika pale ambapo wengine walikuwa wamefukuzwa ili apate nafasi. Mwaka 2020 nyumba zilichomwa tena Nessuit na Mariashoni, majirani kwa majirani, na waliotia saini ugawaji wa 2001 hakuna hata mmoja aliyelala nje. Nilijaribu kumweleza kwamba hukumu ya 2022 haikusema watu wamwagwe barabarani. Iliagiza kwamba pale ambapo ardhi ya Waogiek imekwisha kupewa wengine, pande zote zikae kuzungumza, na yaweza kuamuliwa kwamba wenye kuitumia waendelee kwa kulipa kodi au kugawana faida na Waogiek. Alisikiliza kwa makini sana. Aliniuliza mazungumzo hayo yanafanyikia wapi ili naye aende. Sikuwa na mahali pa kumwelekeza. Serikali iliunda kikosi kazi cha kutekeleza hukumu ya kwanza mwaka ule ule wa 2017, lakini wananchi hawakuwahi kuoneshwa ripoti yake.

Kutoka Njoro nilikwenda Mariashoni, nikapokelewa na mzee wa Kiogiek wa zaidi ya miaka 70, mrina asali. Aliniambia nimwite Mzee, inatosha. Mkewe alinipa uji wa moto na blanketi, akasema watu wa mabondeni wanakuja huku na mashati ya kitenge wanaondoka na kichomi.

Kwa siku mbili nilimfuata. Alinieleza jinsi ardhi yao ilivyokuwa ikigawanywa, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wakoloni na mawaziri walishindwa kuiona. Kila ukoo ulikuwa na konoito yake, na konoito haikuwa kipande cha mraba. Ilikuwa mkanda mrefu unaopanda mlima, kutoka vichaka vya chini hadi kwenye mianzi ya juu, kwa sababu miti haichanui wakati mmoja. Maua ya chini yakiisha, nyuki wanapanda, na watu wanapanda nyuma yao. Mkanda una mipaka yake, mto huu, jiwe lile, na mtu wa ukoo mwingine haweki mzinga humo bila ruhusa. Mpima ardhi akifika mwezi ambao ukoo uko juu, anakuta chini hakuna mtu, anaandika kwamba ni patupu.

Asali ndiyo ilikuwa kila kitu. Huwezi kuoa bila asali, huwezi kumbariki kijana anayetoka jandoni, huwezi kumlilia marehemu ipasavyo. Ilitumiwa kubadilishana na Wamaasai. Mzee alikuwa na mizinga ya masanduku aliyopewa na mradi mmoja, ameipanga nyuma ya nyumba, na aliisifu. Lakini iliyomtoa usiku ilikuwa ile ya magogo ya mtarakwa, aliyoipasua na kuichimba mwenyewe, iliyoning'inia juu ya miti ndani ya eneo ambalo sasa anaweza kukamatwa akikutwa humo.

Tulikwenda mwezi ukiwa umechelewa. Perere walikuwa wakilia kwenye vilele vya miti, sauti kama mlango wenye kutu unaofunguliwa polepole, kisha kama mtu anayenyongwa. Mzee alipanda na kienge cha moshi, mkoba wa ngozi ubavuni, akiwasemesha nyuki kwa Kiogiek muda wote. Mjukuu wake aliyeshika kamba chini aliniambia hajui babu anasema nini hasa. Yeye shuleni na sokoni anazungumza Kikipsigis na Kiswahili. Kule kwetu Tanzania, huko Kiteto, wako Waakie, ndugu wa Waogiek kwa lugha, na wazee wao wana kilio hicho hicho.

Haukuwa msimu mzuri. Alishuka na masega matatu, akaacha yenye watoto. Akakata kipande, akanipa mimi kwanza.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 63, inataja ardhi za jadi za jamii zinazowinda na kukusanya kuwa ardhi za jamii. Nilimtajia. Alitikisa kichwa taratibu, si kwa kukataa. "Tumeshinda kwa katiba, tumeshinda Arusha, tumeshinda mara mbili. Mwanangu, mtu anashinda mara ngapi?" Juni ya mwaka huo ilipita bila hati.

Asubuhi ya mwisho alitaka nione kitu kabla sijaondoka. Tulitembea saa kadhaa kuelekea Kiptunga, hadi kwenye kinamasi kinachoitwa Enapuiyapui. Si mahali pa kupiga picha. Ni uwanda wa nyasi ndefu uliozungukwa na miti, unakanyaga, ardhi inatikisika chini yako kama godoro, na kwenye ukingo mmoja maji yanatoka bila sauti, mapana kama mkeka wa kulalia. Ndiyo Mara. Hapo zinaanza kilomita 395 ambazo mwisho wake ni mafunjo ya kwetu. Yalikuwa meupe kabisa. Niliyachota kwa viganja nikanywa bila kuyatuamisha.

Mzee alikaa kwenye gogo akaniuliza kama ni kweli yanafika Tanzania. Nikamwambia yanafika. Akauliza yakifika yanakuwaje. Nikamweleza kuhusu daraja la Kirumi, mafunjo, kamongo na kambare, na ile miezi ambayo mto unashuka mwekundu. Nikamwambia na maneno ya bibi yangu, kwamba huko juu kuna mtu anakata.

Hakucheka, hakukasirika. Alitazama maji kwa muda.

"Ukirudi mwambie si sisi."

Nilimwambia bibi alikwisha kufariki.

"Pole," akasema. Akainuka, akasafisha makalio ya suruali kwa kiganja, akaanza kutangulia njia. Baada ya hatua chache akageuka. "Basi waambie waliobaki."